Neno la Tajiri

Siti Abubakary alikuwa na kiburi cha kazi yake, na tusimwonee, kiburi chenyewe kilikuwa na sababu. Mwaka ule wa 2002 maduka mengi ya Kariakoo bado yalikuwa yakituma oda kwa kikaratasi alichokunjiwa mpagazi, naye mpagazi akisimama njiani kunywa kahawa hadi karatasi ilowe jasho. Yeye alikuwa ameshaliunganisha duka la jumla la dawa la Mzee Umakant, pale Mtaa wa Mkunguni, na stoo yake ya Buguruni. Antena moja ilikaa juu ya paa la duka, nyingine juu ya paa la stoo, zikitazamana juu ya mabati ya watu. Karani akiandika oda dukani, seva inaituma hewani, na kule Buguruni printa inaitoa kabla karani hajaweka kalamu chini. Wenye maduka jirani walikuja kushangaa, na Mzee Umakant aliwaonyesha mitambo yake kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu.

Sasa, miezi mitatu tu baadaye, kiburi hicho kilikuwa kinampeleka rumande mzee wa watu.

Mzee huyo aliitwa Sadalla, mtunza stoo, mtu wa miaka hamsini na tisa, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani na bunda la funguo kiunoni. Mara tatu ndani ya wiki mbili printa yake ilitoa oda ya katoni za sindano za kwinini. Mara tatu gari dogo jeupe lilikuja, dereva akataja namba ya oda kama utaratibu unavyotaka, na Sadalla akatoa mzigo na kuitundika karatasi kwenye msumari wake. Dukani hakuna aliyewahi kuandika oda hizo. Wala wasingejua, kama Jumatatu oda ya kweli ya zahanati moja isingekataliwa na mashine ya stoo, kwa sababu namba yake ilikuwa imeshatumika na moja ya oda zile, zilizokuwa zimepewa namba za mbele. Tushar, mtoto wa kwanza wa Mzee Umakant, akaanza kufukua, na alipomaliza kufukua akawa na karatasi tatu mkononi na jina moja kichwani.

Kwa nini jina moja? Hapo ndipo Siti alipoingia.

Oda ikishapanda hewani, fundi yeyote mwenye antena anaweza kutengeneza ya kwake na kuandika juu yake kwamba imetoka dukani, kama mtu anavyoweza kuandika jina la mwenzake nyuma ya bahasha. Mashine haina macho ya kumtambua mwandishi. Siti alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana aliweka muhuri. Seva huchukua maneno ya oda, huyachanganya na neno moja la siri, na kutokana na mchanganyiko huo hupatikana mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka, unaobandikwa chini ya oda. Mashine ya stoo, nayo ikiwa inalijua neno lile, hufanya hesabu hiyohiyo. Mistari miwili ikilingana, printa inalia. Isipolingana, oda inatupwa. Neno lenyewe halipiti hewani hata siku moja.

Mwezi wa kwanza, siku ya kuzindua, alisimama mbele ya familia nzima na kuwaeleza hayo kwa madaha. Akamwambia Mzee Umakant achague neno mwenyewe, alijue yeye na Sadalla tu, kwa kuwa Sadalla ndiye angeliandika kwenye mashine ya stoo kila asubuhi anapoiwasha. Hata yeye Siti wasimwambie. Akamalizia kwa kusema kwamba asiye na neno hilo hawezi kuutengeneza muhuri ule, awe fundi wa wapi. Watu wakapiga makofi, na Siti akala laddu mbili za sukari na samli.

Jumatano jioni Tushar alimwita ofisini, baba yake akiwa ameketi pembeni anatazama mikono yake. Oda zile tatu zilikuwa juu ya meza, na zote zilikuwa na muhuri sahihi.

"Nijibu kwa neno moja," Tushar alimwambia. "Asiye na neno la siri anaweza kutengeneza hii?"

"Hawezi," Siti alisema.

Lilikuwa jibu la kweli, na kabla halijamalizika mdomoni alishaona limekwenda wapi. Neno linajulikana na watu wawili. Mmoja ndiye mwenye mali, na mtu hajiibii. Tushar alikunja zile karatasi na kusema kwamba kesho, saa tisa alasiri, watakwenda stoo na afande. Mzee Umakant hakukataa. Siti alishuka ngazi bila kuaga.

Usiku hakulala vizuri, na wasiwasi mbaya zaidi ulikuwa ule ambao angeona haya kumtajia mtu: je, kama kweli ni Sadalla? Hesabu zake zilisema ni yeye. Na Siti alikuwa mtu wa kuamini hesabu zake.

Alhamisi asubuhi mvua ya masika ilikuwa imelala juu ya jiji tangu alfajiri. Siti alivuka madimbwi ya Mtaa wa Mkunguni, akapita katikati ya mikokoteni iliyofunikwa maturubai, akamkuta Mzee Umakant peke yake nyuma ya kaunta. Alimwomba amtajie neno. Alimweleza kwamba kama neno ni dhaifu, mtu anaweza kulibahatisha, na akilibahatisha basi muhuri wote hauna maana. Mzee alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akamkumbusha, bila ukali, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema asiambiwe. Nikikuambia leo, alisema, kesho wanaolijua watakuwa watatu, na mwanangu atakuwa na watu wawili wa kupeleka polisi. Kuhusu udhaifu, alimtoa wasiwasi. Neno lake halikuwa dhaifu. Halikuwapo neno lenye nguvu kulishinda.

Siti akaenda Buguruni.

Stoo ilinuka katoni na dawa ya mende. Sadalla alikuwa ameshafagia, ameshawasha mashine, na sasa alikuwa anapanga maboksi ambayo hayakuhitaji kupangwa. Siti alimwamkia, naye akaitika marahaba mwanangu kwa sauti yake ya siku zote, kana kwamba saa tisa ya siku ile ilikuwa saa tisa kama nyingine. Alijua. Tushar alikuwa amempigia simu na kumwambia asiondoke.

"Mzee wangu, nitajie neno," Siti alimwambia. "Nikilijua nitaweza kuonyesha kwamba mtu mwingine amelijua. Ukikaa nalo wanakufunga."

Sadalla aliweka boksi chini polepole.

"Tajiri aliniambia nisimwambie mtu. Hakusema nisimwambie mtu isipokuwa Siti."

"Hata wakikuchukua?"

"Walishanichukua," alisema.

Siti alilijua jambo hilo, kama kila mtu wa Mkunguni alivyolijua. Mwaka wa themanini na tatu, wakati wahujumu uchumi wanasakwa na sabuni ikifichwa kama dhahabu, Mzee Umakant alikuwa na mzigo mahali fulani, na Sadalla ndiye aliyekuwa na ufunguo. Walimweka ndani siku tisa wakimwuliza mahali penyewe. Alitoka amepungua meno mawili, na mzigo ukabaki ulipokuwa. Siku hizi mzigo wa namna ile unapangwa dirishani mchana kweupe na leseni imetundikwa ukutani, na vijana wanaouuza hawaelewi mzee yule alikuwa anakaa kimya kwa ajili ya nini. Lakini Tushar alielewa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, na sabuni ile ndiyo iliyomlipia shule.

Wasiwasi wa usiku ukamtoka Siti palepale, na katika nafasi yake ikaingia hasira. Mtu ambaye halisemi neno ili kujiokoa, huyo ndiye angelitumia kuiba kwinini? Hesabu zake zilikuwa sahihi, na bado zilikuwa zinasema uongo. Basi kosa lilikuwa kwenye jambo ambalo hesabu hazikuliuliza.

Alisimama akitazama huku na huku, ili tu asimtazame mzee usoni. Juu ya meza ya printa, ukutani, palikuwa na msumari mtupu, na chini yake kipande cha ukuta kilichokuwa cheupe kuliko ukuta wote, cha mraba, kama mahali palipotundikwa kitu miaka mingi. Pembeni Sadalla alikuwa amegonga kipande cha boksi na kuandika tarehe za mwezi kwa kalamu ya risasi.

Siti aliuliza kalenda imekwenda wapi, kwa kuuliza tu.

"Niliitoa," alisema Sadalla, akageukia maboksi yake.

Nyuma ya stoo, hatua kama mia hivi, palikuwa na gereji ya Mrisho, fundi wa magari ya duka. Alikuwa na dari ya mbao alikohifadhi matairi mabovu, na kutoka dirisha lake antena ya stoo ilionekana wazi. Siti hakumweleza mengi. Mrisho naye hakuuliza mengi, alimpa tu betri ya lori na inveta ya kuchajia laptopu yake ya kuazima, ambayo betri yake ilishakufa, akatandika nailoni pale bati lilipokuwa linavuja. Siti akaelekeza dirishani kopo tupu la maziwa ya unga, lililotobolewa na kutiwa waya. Ndiyo ilikuwa antena yake. Watu hucheka wakiiona, lakini hunasa vizuri.

Saa tano na nusu duka lilituma oda ya kweli, na kopo likainasa: vidonge vya minyoo, namba, na chini yake ule mstari wa muhuri. Hicho ndicho alichokitaka. Aliandika programu fupi ya kuchukua neno lolote atakaloipa, kulichanganya na oda ile, na kulinganisha na muhuri wake. Likilingana, neno limepatikana.

Akaanza kubahatisha. Majina ya watoto wa Mzee Umakant, na ya wajukuu, Utsav na Sejal. Jina la marehemu mkewe. Namba ya gari. Majina ya miungu aliyowahi kuyasikia pale dukani, kisha yaleyale kwa kugeuza herufi. Mji wa baba yake kule Gujarati, ambao aliupata kwa kumpigia simu karani na kujifanya anauliza habari nyingine. Programu ilikuwa inajibu neno moja tu, hapana, na ilikuwa haichoki kulisema. Saa nane kasorobo alikuwa amejaribu maneno zaidi ya mia mbili. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi hakusikia spana za chini. Saa nane na nusu alifunika uso kwa mikono, akaona kwamba amebakiwa na nusu saa, na kwamba hana neno jingine kichwani.

Akajilazimisha kufikiri upya, safari hii kuhusu mtu na siyo neno. Akaikumbuka siku ya uzinduzi. Kabla ya kuwasha seva Mzee Umakant alivua viatu. Alipasua nazi mlangoni, akaizungushia mashine moshi wa ubani, akaipaka nukta nyekundu kwenye paji la uso, au niseme pale ambapo seva ingekuwa na uso. Kisha akainama na kuandika neno la siri kwa kidole kimoja, na midomo yake ikicheza. Siti alikuwa ametabasamu wakati ule, Mungu amsamehe. Alimwambia mzee achague neno asiloweza mtu kulifikiria. Lakini mtu anayepasulia kompyuta nazi hawezi kuianza kazi yake kwa neno la ovyo ovyo. Ataianza kama anavyoanza kila kitu, kwa neno la heri.

Alishuka ngazi kumuuliza Mrisho kama anajua chochote kuhusu mila za tajiri, na hakufika chini.

Kwenye nguzo ya gereji, imepakazwa grisi hadi katikati, ilitundikwa kalenda. Mzee Umakant huzigawa kila baada ya sikukuu ya Diwali, kwa wateja, kwa mafundi, kwa madereva, kwa yeyote aliyefanya naye kazi mwaka ule. Nusu ya maduka ya dawa ya jiji yalikuwa nayo. Juu alikaa Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, katika ua lake, na chini ya miguu yake, kwa herufi nyekundu ambazo Siti alizipita mara elfu bila kuzisoma, yaliandikwa maneno mawili ambayo kila mfanyabiashara wa jamii yake huyaandika juu ya mlango na juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu: SHUBH LABH. Heri na faida.

Akauona tena ule mraba mweupe ukutani, na msumari mtupu. Akaelewa kwa nini Sadalla ameitoa, na akahisi machozi yanampanda pale pale kwenye ngazi.

Alipanda mbio, akayaandika maneno yale mawili yameungana. Programu haikusema hapana.

Furaha ilidumu kwa muda wa pumzi moja. Kilichofuata kilikuwa woga, kwa sababu ilishakuwa saa tisa kasoro kumi, halafu aibu, kwa sababu alikuwa amewauzia watu mlango wa chuma na hakuangalia kama ufunguo umetundikwa nje. Akafikiri haraka. Akienda kulitaja neno, Tushar atasema Sadalla amemnong'oneza. Lazima waone kwanza. Akatengeneza oda, akaandika juu yake kwamba imetoka dukani, akaipa namba inayofuata, akaibandika muhuri, akaiamuru laptopu iitume yenyewe saa tisa na robo. Alimwomba Mrisho asiguse kitu, ahakikishe tu betri haikatiki. Kisha akakimbia mvuani bila mwavuli.

Walikuwa wameshafika. Mzee Umakant alisimama karibu na mlango, koti lake limelowa mabegani. Tushar alikuwa amezishika zile karatasi tatu. Afande, mtu mzima mwenye daftari, alikuwa anamwuliza Sadalla maswali ya kawaida, jina, kabila, umri, na Sadalla alikuwa anajibu amesimama wima, bunda la funguo ameshaliweka juu ya meza. Siti alipoliona bunda lile mezani moyo ulimwuma kuliko kama angemwona na pingu.

Aliomba wasubiri dakika chache. Tushar alimwuliza wasubiri nini, na Siti akasema wasubiri printa. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika kumi na tatu. Akamwuliza Mzee Umakant kama kuna mtu yeyote dukani mwenye ruhusa ya kutuma oda sasa hivi. Mzee alisema hakuna, amefunga mashine mwenyewe na ufunguo wa ofisi anao mfukoni.

Robo ikafika. Printa ilikaa kimya.

Ikapita dakika moja, na nyingine. Afande alifunga daftari. Siti alisimama na nguo zinazochuruzika maji, akihesabu kichwani kila kilichoweza kuharibika, betri, bati, nailoni, saa ya laptopu. Saa ya laptopu. Hakuwa ameilinganisha. Tushar alimwambia baba yake kwamba inatosha, na afande akamshika Sadalla mkono juu kidogo ya kiwiko, siyo kwa nguvu.

Printa ikalia.

Hakuna aliyesogea hadi karatasi ilipotoka yote. Sadalla, kwa mazoea ya maisha yake, alijitoa mkononi mwa afande, akaenda, akaichana, akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akaitazama sura ya Siti. Utaratibu ulikuwa utaratibu. Oda ilikuwa na muhuri. Alivuta droo ya meza, akainua madaftari yaliyokuwa juu, na kutoka chini kabisa, imefungwa kwa gazeti safi ili isichafuke, akatoa kalenda ya mwaka 2002. Akaiweka mikononi mwa Mzee Umakant pamoja na karatasi.

Oda ilisema: Kalenda, moja. Mpokeaji, Mzee Umakant.

Mzee alisoma karatasi. Akafunua gazeti. Akayatazama maneno mekundu chini ya miguu ya Lakshmi, kisha msumari mtupu ukutani, na uso wake ukabadilika polepole.

"Si amekuambia yeye?" Tushar alimwuliza Siti, lakini sauti ilishapungua.

"Nilimwomba, akakataa. Nimelisoma gereji, kwenye nguzo ya Mrisho. Limetundikwa mji mzima." Akawageukia wote wawili. "Kosa ni langu. Niliwaambia haiwezekani, na sikuuliza neno lenyewe linakaa wapi."

Mzee Umakant hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Sadalla.

"Ulijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Kwa nini hukuniambia?"

"Ni neno la dini yako, tajiri," Sadalla alijibu. "Nikuambie halifai?"

Afande akaingilia kati kwa swali la kazi yake. Alitaka kujua ni nani mwingine anayejua namna oda hizo zinavyotengenezwa. Siti alisema wako wawili: yeye, na Kitwana, fundi aliyefunga naye antena, aliyekunywa chai dukani wiki mbili nzima chini ya maneno yale na kupewa kalenda yake kama wengine. Walimpata Jumatatu, chumba cha kupanga palepale Buguruni, na katoni kumi na moja chini ya kitanda, na dirishani kopo la maziwa ya unga. Kopo lake lilikuwa limetengenezwa vizuri kuliko la Siti, na alijikuta anaona wivu kidogo, jambo lililomfanya ajichukie siku nzima.

Tushar alikuja stoo kumwomba Sadalla radhi. Alisema maneno yote yanayostahili, na Sadalla aliyapokea yote, akamwuliza hali ya watoto.

Neno jipya Siti alilitengeneza kwa kurusha dadu mbele ya mzee, herufi kumi na sita zisizo na maana katika lugha yoyote ya duniani. Mzee Umakant aliziandika kwenye kikaratasi, akaomba dakika moja, akakipaka nukta nyekundu pembeni. Siti hakutabasamu safari hii. Wakaenda Buguruni pamoja kumkabidhi Sadalla.

Sadalla hakunyoosha mkono.

"Funguo nitashika, tajiri, hiyo ni kazi yangu," alisema. "Neno njoo uliandike mwenyewe. Mimi siri ya mtu sitaki tena."

Mzee Umakant alibaki na kikaratasi mkononi. Alikuwa na miaka sabini na moja. Akageuka, akaenda nacho kwenye mashine. Sadalla alitoka nje, akasimama chini ya bati na kumgeuzia mgongo.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi saa mbili kasoro, mvua au jua, gari la Mzee Umakant lilitoka katikati ya jiji na kupenya foleni ya Buguruni, mzee akateremka na kuingia stoo, na Sadalla, baada ya kumsalimu na kumfungulia mlango, alitoka nje na kutazama upande wa gereji hadi aambiwe tayari. Kalenda ilirudi msumarini. Siti angeweza kulimaliza jambo lile kwa kazi ya mchana mmoja, akalifungia neno ndani ya mashine lisihitaji mtu wa kuliandika. Tushar alimwuliza mara mbili kama hakuna njia nyepesi ya kumpumzisha baba.

Mara zote mbili Siti alimwambia haiwezekani.